Kwaresima ya Simu

Nilifika kwenye matanga ya Maman Julienne nikiwa nimechelewa, kwa sababu siku hizi sipandi metro peke yangu Jumamosi mchana watu wakiwa wengi, na mpwa wangu aliyeahidi kunisindikiza alichelewa kama ilivyo desturi yake. Ukumbi ulikuwa uleule wa parokia, kule Anderlecht, wenye dari la chini na viti vya plastiki vinavyokwaruza sakafu kila mtu anapojisogeza. Mpwa wangu aliniketisha ukutani ili jicho langu la kushoto liweze kuuona mlango, au tuseme kipande cha mlango, maana jicho hilo linaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la bomba. La kulia halioni kitu. Watu walikuja kunisalimia mmoja mmoja, wakitaja majina yao kabla ya kunishika mkono, adabu ambayo nimewafundisha kwa ukali miaka mingi, kwa kuwa sipendi kabisa ule mchezo wa "nikumbuke mimi ni nani". Nyuma yangu walikaa wasichana, wanafunzi bila shaka, nikawa nasikia kucha zao zikigonga vioo vya simu wakati kwaya inajipanga. Mama mmoja ambaye sauti yake siijui akawakemea kwa chini: "Muache hizo téléphone. Mutakuja kuwa sawa tantine Mapendo ule pale. Ni téléphone njo ilimumaliza macho." Msichana mmoja akajibu kwa upole kwamba anajua, maman, wanajua wote. Kucha hazikuacha kugonga.

Mapendo ni mimi. Nilijua kwamba watu wananisema, kwani nani hasemwi, lakini sikujua kwamba nimekuwa mfano wa kutishia watoto. Mimi ni mtu wa kubisha, hata leo, na shingo ilikuwa imeshaanza kugeuka ili nimwambie yule mama kwamba ana makosa, kwamba kama kuna mwanafunzi mmoja katika mji huu wa Brussels ambaye simu haikumla, basi ni mimi. Ndipo nikasikia harufu ya manukato ninayoyajua, na mkono ukaniangukia begani, na sauti ikasema, "Ni Espé," ingawa hakuwa na haja ya kusema. Tulikuwa hatujakutana tangu alipohamia Namur na mume wake. Akavuta kiti, akakaa upande wa jicho langu bila kuuliza ni upi, akanishika mkono, na tukalia kidogo kwa ajili ya marehemu aliyetulea sote wawili mwaka ule. Nilipomnong'oneza maneno ya yule mama wa nyuma, aliniambia niwaache tu. Niliwaacha. Lakini tangu siku ile mwaka ule umenirudia, na hauniachi nipike hata chai kwa utulivu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya maabara, yale ya kupima damu na mikojo ya watu, na kwa Maman Julienne tuliishi watatu, yeye, Espérance na mimi. Nyumba ilikuwa juu kabisa katika jengo la commune, yaani la manispaa, na lifti yake ilinuka sigara za watu ambao hatukuwahi kuwaona wakivuta. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, kabati moja lisilofunga vizuri, na dirisha lililotazama mapaa ya maghala, na ng'ambo yake reli ambayo kelele zake tuliacha kuzisikia baada ya mwezi. Juu ya radiateur, kile chuma cha kupasha chumba joto, tulianika soksi na nguo za ndani, kwa hiyo chumba kilinuka sabuni ya unga kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Espé, mtoto wa Lubumbashi, alisomea sheria, na aliisomea kitandani akiwa na simu mkononi na kitabu kifuani. Alizungumza na dada zake wa kule, na binamu zake walioko Johannesburg, na kijana mmoja wa Liège ambaye hatukupewa jina lake halisi. Simu ilikuwa kitu cha kwanza kuguswa asubuhi na cha mwisho kuwekwa chini. Mimi yangu niliiacha koridoni, juu ya sanduku la viatu, tangu saa ya chakula cha jioni, na nilikuwa na tabia mbaya ya kumweleza mwenzangu kwa nini.

Nilijua mambo hayo kwelikweli. Tulikuwa na mwalimu mmoja aliyetufundisha kuhusu afya ya wanafunzi, na nilimsikiliza kama wengine wanavyosikiliza mahubiri. Nilijua kwamba mwanga wa kioo unaudanganya ubongo ukadhani ni mchana, kwamba mtu anayetazama simu husahau kupepesa macho yakakauka, kwamba shingo iliyoinama hubeba uzito ambao haikuumbiwa, na kwamba moyo wa anayengoja ujumbe hautulii hata akilala. Espé aliniita Docteur. Maman Julienne, ambaye kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee wa Kizungu majumbani mwao, alirudi mchana miguu imevimba, akailoweka ndani ya beseni, akanisikiliza akisema "eh" na "voilà", na siku ya Jumapili, sahani zikishapangwa, alizifunika simu zetu zote kwa kitenge pembeni ya meza. Alisema hataki kula na watu wasiokuwepo. Tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotiwa karanga, na kama kuna mtu aliyekuwa amefika kutoka kwetu Bukavu, tulipata sambaza wakavu, samaki wadogo wa ziwani, waliosafiri ndani ya sanduku katikati ya nguo, na tukatafuna kichwa na mkia. Chini ya kitenge simu zilitetemeka. Tulijifanya hatusikii, hasa Maman Julienne, ambaye dada yake mkubwa aliishi kule na ambaye baada ya kula aliinuka wa kwanza kufunua.

Ilikuwa moja ya ile miaka ambayo habari za kwetu zilikuwa mbaya, na nikisema hivyo mtu wa Kivu ataniuliza ni upi basi ambao hazikuwa. Kutoka jikoni tulimsikia Maman Julienne akiongea kwa haut-parleur, sauti ya simu ikiwa wazi, huku akiosha vyombo, na sauti ya dada yake ikatokea kwenye povu ikisema kwamba wamelala sakafuni tena kwa kuogopa risasi, kwamba watoto hawakwenda shule, kwamba mtu fulani hajarudi. Mama yangu naye alikuwa kulekule. Alinipigia kila siku, na kama hakunipata aliandika neno moja tu, "Uko?", na mimi nilijibu "Niko". Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu siku nyingi. Wanafunzi wote wa kwetu waliishi hivyo, simu ikiwa imewashwa mfukoni darasani, mezani, kanisani, na wazazi wao kule wakitazama saa ya mwisho waliyoonekana mtandaoni ili wajue kama wanao ni wazima huku Ulaya. Nani alikuwa akimlinda nani, hata leo sijui.

Vijana wa parokia waliponiomba niwape causerie, yaani mazungumzo, kuhusu simu na afya, nilijiandaa kama ninayekwenda kutetea shahada. Tulikaa katika ukumbi huohuo, baada ya misa, na picha zangu za maelezo zikamulikwa ukutani zikiwa zimepinda kidogo. Nilieleza usingizi, nikaeleza macho, nikaeleza shingo, nikaeleza wasiwasi. Walinisikiliza vizuri, na nilipouliza maswali walijibu yote, tena kwa maneno ya kitaalamu, maana hakuna kitu nilichosema ambacho hawakuwa wamekisoma tayari, kwenye simu. Ndipo akainuka Patient, kijana wa Goma aliyesomea uhandisi, mtu mpole, macho yake mekundu kila siku. "Ya Mapendo, ile yote tunajua," alisema, akiniita dada kwa heshima. "Uniambie kintu moja tu. Nikizima, na kwetu kunawaka moto, nani ataniambia?" Watu hawakucheka. Nilikuwa na jibu, kwani nilikuwa na majibu ya kila kitu mwaka ule. Nikasema kwamba kukesha kwake hapa hakumzuii mtu kupiga risasi kule. Ni kweli, na nilitamani kuyarudisha maneno hayo mdomoni kabla hata hayajaisha. Ili nijiokoe, nikatoa wazo kwamba Kwaresima ikifika tufunge simu kama tunavyofunga nyama, na Jumapili, kwa kuwa si siku ya kufunga, kila mtu aongee na watu wake. Padre alifurahi mno. Wengi waliinua mikono, Espé akiwa wa kwanza, naye akavunja siku ya pili.

Kabla ya Kwaresima hiyo ndipo nilipoanza kuumwa. Kichwa kiliniuma asubuhi nikiwa bado sijanyanyuka, kikapungua nikikaa, kikarudi nikiinama kufunga viatu. Ndani ya sikio la kulia nilisikia moyo wangu ukipiga, fuu, fuu, nikadhani ni mabomba ya jengo, mpaka siku moja nilipokuwa barabarani nikausikia tena. Na nikisimama ghafla, nikawa naona giza. Nilimwambia Maman Julienne hivyohivyo, jikoni, akiwa anachagua mchele: mama, nikisimama naona giza. Naye akanijibu kama ambavyo mama yeyote wa kwetu angejibu, kwamba sili vizuri, kwamba nimekonda, kwamba masomo na ile ordinateur, yaani kompyuta, vinanikausha, na akaniongezea kijiko cha sombe. Maana kwetu mtu mwenye njaa, au aliyeinuka haraka baada ya kukaa sana, husema anaona giza, na wote huelewa kwamba kichwa chake ni chepesi. Hakuna anayemuuliza giza lenyewe likoje. Mimi pia sikujiuliza. Mwanga ulizimika kabisa kwa kitambo, sahani na mikono na dirisha vikapotea, kisha vikarudi polepole kuanzia katikati, na mimi nilijisemea moyoni maneno ambayo nimeyasikia tangu utotoni, nikaridhika nayo.

Siku hizi ninafanya kazi ya ukalimani kwa simu. Naam, kwa simu, na anayetaka kucheka acheke. Daktari yuko hospitali fulani na mgonjwa wake Mswahili, mimi niko nyumbani na chombo sikioni, na ninayabeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Mgonjwa akisema anaona giza, simpelekei daktari neno lolote kabla sijamuuliza mwenyewe: giza la kichwa kuzunguka, au taa zinazimika? Wengine hukasirika, wanadhani siijui lugha yangu. Wakati ule hakukuwa na mkalimani kati yangu na daktari wa mtaa, kwa sababu mkalimani nilikuwa mimi, na Kifaransa changu kilikuwa kizuri. Nilimwambia nina vertiges, yaani kizunguzungu. Neno hilo lilitoka laini, na sentensi nzima ilikuwa safi kisarufi. Akaniuliza nalala vipi, natumia muda gani mbele ya kioo. Nikamweleza kuhusu ordinateur ya shule, na kazi za kuandika, na simu, kisha nikaendelea kumweleza mwanga unavyofanya na macho yanavyokauka, mpaka akatabasamu. Alisema ni nadra kukutana na mwanafunzi anayejifahamu namna hii. Alinipima damu, damu ikawa nzuri, akaniambia nipumzishe macho. Nilitoka pale nimenyooka, kwani nilikuwa nimepongezwa.

Basi Kwaresima ilipoanza niliifunga simu yangu kwa moyo wote, maana sasa nilikuwa na sababu mbili. Nilimweleza mama Jumapili iliyotangulia, nikiogopa kwamba atalia, kwa kuwa juma lile walikuwa wamesikia milio karibu. Aliuliza kama ni kweli kwamba kuzima kutaniponyesha kichwa. Nikamwambia ndivyo daktari alivyosema. "Bon," akasema, "kama ni dawa, ni dawa. Mi pia nitafunga." Hakunipigia tena katikati ya juma. Alimpigia Espé, akamuuliza hali yangu, akamkataza asinipe simu, na Espé akaniletea salamu chumbani akizisoma kwa lafudhi ya Bukavu ili anichekeshe. Nilikuwa nikimsikia mama yangu kwenye haut-parleur ng'ambo ya ukuta, akiuliza kama nimekula, na nilikaa kitandani nikitazama soksi zilizoanikwa. Nilijivunia ule uvumilivu. Nilidhani ni mimi ninayeumia.

Kichwa hakikupona. Kilizidi. Nilikuwa na maelezo ya hilo pia, kwamba mwili uliozoea sumu hulalamika ukinyimwa, na Maman Julienne akakubali, kwani alikuwa amewaona wazee wake wakiachishwa pombe. Kwenye stage, mafunzo yangu ya kazi katika maabara ya hospitali, nilikaa mbele ya hadubini nikaona upande mmoja wa duara umetiwa kivuli. Nikafuta lenzi. Nikafuta tena, nikabadilisha kioo, nikahamia hadubini ya jirani, na kivuli kikahama pamoja nami. Chembe za damu nilizotakiwa kuzihesabu ziliingia humo zikapotea. Kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu. Nilipenda ukimya wake, na namna tone dogo linavyojaa vitu ukilitazama kwa subira, na nilikuwa nimeshaahidiwa kwamba nikimaliza nitafikiriwa kwa nafasi pale. Msimamizi wangu, mwanamke wa maneno machache, alirudia hesabu zangu, akaona zimepungua, akaniambia bila ukali kwamba vijana wa leo wanaharibu macho kwa simu. Nikamjibu kwamba sijaigusa tangu Jumatano ya Majivu, isipokuwa Jumapili. Akaguna tu, akaendelea na kazi yake, nami nikaendelea kufuta vioo.

Ni Espé aliyeuliza. Ilikuwa asubuhi ya Juma Kuu, jikoni, na nilikuwa nikimmiminia chai. Niliimimina mezani, kando ya kikombe, kwa utulivu kabisa, mpaka ikaanza kumtiririkia mapajani. Hakupiga kelele. Alininyang'anya birika, akaniketisha, akaweka simu yake chini kifudifudi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya bila kuamrishwa. "Mapendo," alisema, "kila siku unasemaka unaona giza. Ni giza ya namna gani?" Nikamjibu giza tu, ya kila mtu. "Mi sionaka giza, miye. Kwetu Lubumbashi, kichwa ikizunguka, muntu anasema kizunguzungu. Akisema anaona giza, ni kusema haoni." Nilitaka kumbishia. Nilifungua mdomo kabisa, nikitafuta neno, na jiko lote likazimika, Espé na birika na dirisha, na safari hii lilichelewa kurudi. Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Nikamwambia, "Espé, sioni." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo.

Alinipeleka urgences, idara ya dharura, kwa taksi, akiwa bado na sketi yenye chai. Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, karibu rika letu. Nilianza kumpa maelezo yangu, kioo, mwanga, usingizi, hata mfungo, naye akainua mkono taratibu kuniomba ninyamaze, akazima taa, akanitazama ndani ya macho kwa kurunzi yake. Alitazama la kulia, akatazama la kushoto, akarudi la kulia. Nilisikia anavyopumua. Akasema kwamba barua ya daktari wangu inataja vertiges, je, chumba huzunguka? Kabla sijafungua mdomo Espé, kwa kile Kifaransa chake cha mahakamani, akasema hapana, mwenzangu ametafsiri vibaya, anachosema kila siku kwa Kiswahili ni kwamba anaona giza, na giza lenyewe ni giza. Daktari akaanza kuandika haraka. Akatueleza kwamba maji yanayozunguka ubongo yamekuwa na nguvu kupita kiasi, yameibana mishipa inayotoka machoni, tena kwa miezi, na kwamba nitalazwa mchana huohuo.

Walinitoboa mgongoni kuyapunguza maji, wakanipa vidonge vilivyofanya vidole vyangu viwashe na limonade iwe na ladha ya chuma, na baadaye wakanipasua wakaniwekea mrija. Maumivu ya kichwa yaliisha. Kila mtu alishangilia jambo hilo, nami nilishangilia, nikidhani macho nayo yanakuja nyuma. Daktari yuleyule aliketi kitandani pangu, jambo ambalo madaktari wa huku hawalifanyi, akaniambia kwamba kilichokwisha kufa hakifufuki, kwamba walichofanya ni kuokoa kilichobaki, na kilichobaki ni jicho moja na tundu lake. Nikamuuliza kama ni simu. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ni ordinateur, kama ni kusoma sana, kama ningepona iwapo ningeanza kufunga mapema zaidi. Akasema hapana, haihusiani kabisa, huwapata wanawake vijana na mara nyingi hawajui sababu. Nilimkasirikia mno. Leo naweza kuisema hasira ile ilikuwa ya nini. Nilikuwa tayari kuwa na kosa, ningelitubu na kulilipa, na yule mtu alikuwa ananinyang'anya kosa langu bila kunipa kitu badala yake. Espé aliyelala na simu usoni aliona kila herufi ya kupimia macho ukutani. Hata simchukii kwa hilo, ingawa kuna siku nilimchukia.

Maabara walinitumia maneno mazuri. Maman Julienne alikuja kila siku baada ya kazi, na chakula ndani ya bakuli lililofungwa kwa kitenge, akanilisha kwa mkono mwanzoni, akiniambia nyama iko wapi na mfupa uko wapi. Alikuwa ameshawaeleza watu wa parokia, nao wakaja, wakaketi, wakasali, na niliwasikia koridoni wakisema ni zile écran, vile vioo vya kutazama, ni masomo ya siku hizi, ni téléphone, na mmoja akasema kwamba hata mwenyewe alituonya katika causerie yake. Patient alikuja pia. Yeye hakusema lolote kuhusu simu. Alikaa karibu na dirisha, simu yake ikatetemeka mfukoni, akaiacha itetemeke, na nikamwambia atazame, labda ni kwao. Akatazama. Akasema hapana, si kitu, na kwa sauti yake nikajua ni kitu, lakini hakuniambia.

Mama yangu sikumwambia mpaka niliporudi nyumbani. Espé alinibonyezea namba, akanipa simu yangu, akatoka na kuufunga mlango. Nilieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, maji ya ubongo, mishipa, jicho la kulia, jicho la kushoto. Nilimweleza kwamba daktari amesema si simu. Upande wa pili kulikuwa na jogoo, na watu wakiongea mbali, na mama yangu akipumua. Aliuliza, "Haioni hata kidogo?" Nikasema la kulia, hata kidogo. Akasema, kwa ile sauti aliyokuwa akinisemesha nikiwa na homa, "Njo sababu tulifunga kidogo, mama wangu. Ile siku makumi ine ilikuwa kidogo. Tutafunga tena. Uizimishe, ulale. Mi nitangojea." Nilianza kumwambia kwamba haitasaidia, nikasikia kwamba analia na hataki nijue. Nikasema ndiyo, mama. Nikaizima.

Hakunipigia tena. Kule kulikuwa hakulaliki, Maman Julienne aliyasikia kwa dada yake na hakutuficha, lakini simu yangu hata nilipoiwasha kwa siri haikuwa na "Uko?" hata moja. Alimpigia Espé tu, kila jioni, baada ya chakula, na swali lake lilikuwa lilelile, kama nimeanza kuona. Espé alimjibu bado, maman, kidogo kidogo, maman, mpaka jioni moja maneno yakamwishia. Akaja kitandani kwangu, akaniwekea simu yake sikioni, akanifumba vidole juu yake. Nikasema, "Allô, mama?" Nilisikia akivuta pumzi. Kisha akakata haraka, asije akaiharibu dawa.